Kama changu mmoja ana mayai malaki, mbona samaki wa baharini wanapungua?

Swali limetoka kwa dada mwenye mgahawa Majengo, Moshi. Ameandika hivi:

"Napika samaki wa baharini. Wanaletwa na basi la usiku kutoka Tanga wakiwa kwenye deli la barafu. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili, changu na tasi wengi wanakuja matumbo yamejaa mayai, nikipasua yanajaa kiganja. Ikifika mwezi wa sita na wa saba mayai hakuna, samaki wenyewe wa shida na bei iko juu. Tena kila mwaka naona wanazidi kuwa wadogo, na wauzaji wanasema bahari imechoka. Sasa nauliza, samaki mmoja akiwa na mayai yote yale wanaishaje? Na je, nafanya kosa kununua wenye mayai?"

Dada yangu, maswali yako ni mawili, ila jibu la pili limo ndani ya la kwanza, kwa hiyo naanza na mayai.

Ni mengi kweli. Changu wa sahani moja anaweza kubeba maelfu kwa maelfu, hata malaki, na nguru mkubwa akihesabiwa msimu mzima anafika mamilioni. Lakini fuata hesabu hii. Ili idadi ya samaki ibaki palepale, jike na dume wanatakiwa wabakize watoto wawili tu wanaofika ukubwani na kutaga. Wawili kwa maisha yao yote, si kwa kila msimu. Wakifika watatu, samaki wanaongezeka kwa nusu katika kila kizazi. Akifika mmoja, wanapungua kwa nusu katika kila kizazi. Kwa hiyo kwenye bahari iliyotulia, isiyo na uvuvi wa baruti wala kokoro (wavu wa kukokota), jike akitaga mayai milioni moja maishani, mayai 999,998 yanapotea. Hiyo ndiyo hali ya kawaida, na hakuna mtu wa kulaumiwa.

Wengi hukosea hapo. Tunaona wingi wa mayai tunadhani ni akiba, kumbe unatuonyesha jinsi njia ya kukua ilivyo ya hatari. Mparachichi wa Kibosho unachanua maua malaki ukabakiza matunda ya kuhesabika, na mkulima hashangai; anachokiogopa ni mti kukatwa.

Mlinganishe changu na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu ambaye nina hakika unampika pia. Jike wa perege anataga mayai mia kadhaa tu, lakini anayaokota na kuyatunza mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe, na wakitishwa hurudi mdomoni. Mayai machache, ulinzi mwingi. Papa naye kwa aina nyingi huzaa watoto hai, wachache, baada ya mimba ndefu. Na huko huko Tanga wanakotoka samaki wako yuko silikanti, samaki wa kale anayeishi kwenye mapango ya vilindi, ambaye hifadhi ya bahari ilianzishwa kwa ajili yake mwaka 2009. Utafiti uliotoka mwaka 2021 umeonyesha kwamba anaweza kufika umri wa karibu miaka 100 na mimba yake huchukua takribani miaka mitano. Samaki wa namna hiyo akinaswa kwenye jarife la papa, hasara yake hairudi upesi. Changu na tasi wamechagua njia nyingine kabisa: mwaga mayai mengi, usiyatunze, rudia tena na tena.

Neno "rudia" ndilo lenye uzito, na nitalikalia.

Samaki wengi wa kwenye matumbawe hutaga jioni giza linapoingia, mara nyingi maji yanapokupwa, kwenye ukingo wa mwamba unaotazama kilindi. Jike na dume hupanda juu pamoja kwa kasi, wanamwaga mayai na mbegu kwa mpigo mmoja, kisha wanarudi chini. Maji yanayotoka huyachukua mayai hadi bahari ya nje, mbali na samaki wadogo wa mwambani ambao wangeyala yote. (Tasi yeye ana desturi tofauti, mayai yake yananata chini.) Kwenye maji ya joto kama yetu yai huanguliwa kwa muda wa kama siku moja. Anayetoka ni kiluwiluwi wa milimita mbili au tatu, mdomo haujafunguka, anakula kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Kiini hicho kinaisha baada ya siku chache. Hapo lazima akutane na chakula, vidudu vidogo mno vinavyoelea majini. Asipokutana navyo, habari yake imekwisha.

Mtaalamu wa Norway, Johan Hjort, aliandika mwaka 1914 kwamba hizo siku chache ndizo zinazoamua uvuvi wa miaka ijayo. Yeye na wenzake walikuwa wanasoma umri wa heringi kwa kuhesabu pete kwenye magamba, wakakuta jambo lililowashangaza watu wa wakati ule: samaki waliozaliwa mwaka mmoja, 1904, ndio waliojaza nyavu kwa miaka mingi mfululizo, na waliozaliwa miaka ya jirani walikuwa wachache. Mama zao walitaga miaka yote. Kwa maelezo yake, kilichotofautiana ni bahati ya watoto kukutana na chakula na mkondo mzuri.

Samaki wetu nao wanaandikwa umri, ila tunausoma kwenye vijiwe vya masikio. Ukipika supu ya kichwa cha changu, vunja fuvu nyuma ya macho, utakuta vijiwe viwili vyeupe, vigumu, mfano wa meno madogo. Maabara hukikata kijiwe hicho kipande chembamba na kuhesabu pete zake chini ya hadubini.

Sasa unganisha mambo hayo. Jike hana namna ya kujua mwaka gani utakuwa mzuri. Anachoweza ni kujaribu miaka mingi. Samaki aliyeishi na kutaga kwa miaka kumi ana nafasi kumi za kukutana na mwaka wenye heri, na aliyevuliwa baada ya msimu wake wa kwanza alikuwa nayo moja. Akivuliwa kabla ya msimu huo hakuwa na nafasi yoyote. Akiba ya bahari ni miaka ambayo mama anaachwa aishi. Mayai unayoyaona kiganjani ni matokeo yake tu.

Na mama mkubwa hatagi mayai mengi kidogo tu kuliko mdogo. Tofauti inapita uzito wenyewe. Samaki akirefuka mara mbili, uzito wake huongezeka kama mara nane, kwa sababu amenenepa na kupanuka pia. Mayai huongezeka zaidi ya hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliolinganisha aina 342 za samaki wa baharini, ulionyesha hivyo kwa aina nyingi mno. Mfano wao mmoja ulitoka kwenye samaki wa maji baridi ya Atlantiki: jike mmoja wa kilo 30 anazaa sawa na majike 28 wa kilo mbili mbili, ambao jumla wana kilo 56. Maana yake ni kwamba mvuvi akitoa tani moja ya majike wakubwa, hajaondoa uzazi sawa na aliyetoa tani moja ya wadogo waliokwisha kupevuka. Ameondoa mwingi zaidi. Kwa nguru na kolekole hesabu hii inafaa kabisa, na kwa nguru majike ndio wanaokuwa wakubwa kuliko madume.

Kwa chewa, pono na baadhi ya changu kuna jambo la ziada. Samaki hawa huanza maisha wakiwa majike, na baadaye baadhi yao hugeuka madume. Yule pono wa kijani na buluu anayemeta, ambaye wateja wako humchagua kwa rangi, kwa aina nyingi ni dume lililokuwa jike siku za nyuma. Wale wa kahawia wasiovutia ndio majike. Chewa mkubwa kupita wote mezani pako mara nyingi ni dume. Kwa hiyo mahali ambapo wavuvi wanachagua wakubwa tu, madume yanaadimika. Majike wanawahi kugeuka wakiwa bado wadogo, na miaka ya kutaga inapungua pande zote mbili. Ukisikia mtu anasema "vueni wakubwa, waacheni wadogo" kama sheria ya samaki wote, jua hajawafikiria chewa. Kwao kinachosaidia ni kuwaachia sehemu zisizovuliwa kabisa.

Nirudi kwenye kalenda yako, ambayo umeiona sawasawa jikoni bila kupanda ngalawa.

Kaskazi inapovuma, tangu karibu Novemba hadi Machi, bahari ya Tanga inatulia na maji yanapata joto, hadi nyuzi 29 au zaidi. Mkondo unaopita pwani yetu kuelekea kaskazini mwaka mzima unapunguza kasi. Kwa kiluwiluwi asiyejua kuogelea vizuri, hiyo ni faida: hachukuliwi mbali sana na mwamba alikotoka, na anakua haraka kwenye joto. Ndiyo maana samaki wengi wa miamba ya Afrika Mashariki wameelekeza kutaga kwao kwenye miezi hiyo na ile ya matlai (kati ya kaskazi na kusi) inayopakana nayo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili au Mei, upepo ni mkali, maji yanapoa mpaka nyuzi 25 hivi na mkondo unakwenda mbio. Mayai hupungua sana.

Ila uhaba na bei ya mwezi wa sita na wa saba visikudanganye ukadhani samaki wameondoka. Walio wengi wako palepale. Ngalawa na mashua ndogo ndizo hazitoki, au zinatoka siku chache na kuvua ndani ya miamba tu. Samaki waliopo baharini na samaki wanaofika sokoni ni vitu viwili, na ukivichanganya utaogopa mwezi wa saba na kujiona salama mwezi wa kwanza, wakati hatari yenyewe iko mwezi wa kwanza.

Nieleze kwa nini. Tasi hutaga kwa kufuata mwezi. Kusini mwa Kenya, upande wa Msambweni, watafiti wakishirikiana na wavuvi wamefuatilia tasi wanaokusanyika kwa wingi mahali palepale kila mwaka, miezi ya kaskazi, siku zinazoizunguka na kuifuata mbalamwezi. Wavuvi walipajua mahali hapo kabla ya watafiti. Chewa nao wa aina kadhaa husafiri kutoka miamba ya mbali na kukutana kwenye mlango mmoja wa bahari kwa siku chache za mwaka. Mtu akitega hapo siku hizo, anajaza chombo kwa urahisi na kuona samaki ni wengi kupindukia, kumbe mbele yake wamekaa wazazi wa eneo zima. Mahali pengi duniani mikusanyiko ya chewa imevuliwa namna hiyo ikaisha kabisa na haikurudi. Tasi ana ahueni kwa sababu anapevuka akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja tu. Chewa mkubwa hana.

Kuhusu udogo wa samaki, macho yako hayakudanganyi, na sababu ziko zaidi ya moja. Ya kwanza ni uvuvi wenyewe: wazazi wakivuliwa wakiwa vijana, wazee wanatoweka na wanaobaki sokoni ni rika moja la wadogo. Ya pili ni nyavu za matundu madogo na kokoro, ambalo limepigwa marufuku lakini bado linakokotwa usiku mahali mahali. Kokoro linapita juu ya nyasi za baharini, na hapo ndipo watoto wa changu na pono wanapojificha baada ya kurudi kutoka bahari ya nje. Nimeona fungu la kokoro likimwagwa mchangani: changu wa urefu wa kidole, pono wa urefu wa kidole, ngisi wadogo, na majani yaliyong'olewa na mizizi. Fungu zima halikufaa hata kwa kuuza, likagawanywa kwa kitoweo. Inauma, maana wale walikuwa wamekwisha kuvuka sehemu ngumu ya safari. Katika mayai milioni, hao ndio waliokuwa wamebaki. Baruti nayo ilivunja miamba mingi ya Tanga kwa miaka mingi. Siku hizi milipuko imepungua sana, ila mwamba uliosagika kuwa kokoto hauoti upya kwa haraka, kwa kuwa matumbawe machanga hayashiki kwenye kokoto zinazobingirika.

Iko na sababu ya tatu inayotuhusu sisi wa huku milimani. Mto Pangani unaanzia kwetu. Maji ya Meru na sehemu ya maji ya Kilimanjaro yanateremka kwa Kikuletwa, mengine ya Kilimanjaro kwa Ruvu, yanakutana Nyumba ya Mungu, kisha yanakwenda mpaka mji wa Pangani baharini. Mlangoni mwa mto kuna mikoko, na kati ya mizizi yake wanalelewa kamba na watoto wa samaki kadhaa wa pwani. Kadiri maji ya mto yanavyotumika huku juu kwa umwagiliaji na umeme, maji ya chumvi yanazidi kupanda mtoni na mlango wa mto unabadilika. Sisemi mfereji wa ndizi umemaliza changu. Ila mtu wa Moshi asidhani bahari ni mambo ya watu wa pwani peke yao.

Sasa swali lako la pili. Hapana, hufanyi kosa kwa sababu tu samaki ana mayai. Samaki mwenye mayai angalau amefika umri wa kutaga, na huenda amekwisha kutaga mara kadhaa msimu huo huo, maana wengi wao humwaga kidogo kidogo kwa awamu. Anayenisikitisha zaidi kwenye deli ni yule asiye na mayai kwa sababu hajawahi kuwa nayo. Unaweza kumtambua wakati wa kumpasua. Tazama juu ya utumbo, chini ya uti wa mgongo, kuna mishipi miwili inayokwenda sambamba. Ikiwa myembamba kama uzi na inapitisha mwanga, huyo ni mtoto, hajataga kamwe. Ikiwa minene kiasi, ya rangi ya waridi au kijivu, ni mtu mzima aliyepumzika, na hao ndio wengi mwezi wa saba. Ikiwa imelegea, myekundu, kama mfuko uliomwagwa, ametoka kutaga karibuni. Ikijaa chembe za manjano unazoziona moja moja, yuko njiani, na chembe zikiwa zimejaa maji na kung'aa, alibakiza saa chache. Nyeupe laini inayotoa maji kama maziwa ni ya dume.

Kwa changu wa aina nyingi, aliye chini ya shibiri moja kwa kawaida bado hajazaa. Mwambie mtu wako wa Tanga kwamba chini ya shibiri hupokei, hata akikupunguzia bei. Najua mteja wa sahani ya bei ndogo anataka samaki mzima, si kipande, mpe kibua. Kibua anakua upesi, anazaa mapema, na kwa ukubwa wa sahani tayari ni mtu mzima. Tasi wa shibiri na zaidi ni chaguo zuri pia, isipokuwa ukiletewa ghafla deli zima la tasi peke yao, wote wana mayai, wakati wa mbalamwezi ya mwezi wa kumi na mbili. Hapo uliza wametegwa wapi. Dagaa wa baharini umri wao ni mfupi, mwaka hivi, na wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Kwao sina wasiwasi mkubwa. Chewa mkubwa, papa na yule samaki bapa aitwaye taa mimi nisingeweka kwenye orodha ya kila siku.

Mayai yenyewe kaanga tu, ni chakula kizuri. Isipokuwa ya bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira. Mayai na ini la bunju vina sumu isiyokufa kwa moto, imeua watu pwani, na samaki huyo akichanganyika kwenye deli lako mtupe mzima.

Miezi ya kusi, badala ya kugombea changu wachache kwa bei ya juu, ongeza perege na sato. Ila Nyumba ya Mungu nayo imewahi kufungwa kwa uvuvi ili samaki wapumzike, kwa hiyo shibiri hiyo hiyo ipeleke na huko, ukimkumbuka yule yule mama anayebeba watoto mdomoni.

Na kama una nafasi, weka rula na daftari kando ya ubao wa kupasulia. Kila mzigo ukifika, pima changu kumi wa kwanza unaowashika bila kuchagua, kutoka ncha ya mdomo hadi panapogawanyika mkia, andika urefu, andika na hali ya mayai kwa maneno niliyokupa hapo juu, na tarehe. Ukimaliza kaskazi moja na kusi moja, nitumie kurasa hizo. Nitazisoma zote na kukujibu kama wanazidi kuwa wadogo kweli au ni mchuuzi anayekuchagulia.